Fungu la Nia na Marobota Manane

Wenzangu mnaobaki ofisini Xiaobei, hapa Guangzhou, mliniomba niandike kabla sijaondoka, niwaachie ninachokijua. Nimeahirisha tangu Ramadhani. Mimi nimeishia darasa la saba, na kalamu kwangu imekuwa ya kuandika majina juu ya maboksi zaidi kuliko ya kutunga maneno. Kila nikianza najiuliza, hivi nina lipi la kuwaambia watu wanaosoma Kichina kwa macho, wakati mimi nimekiokota kwa masikio tu? Basi nitaandika nilichokiona. Penye shaka nitasema pana shaka.

Nilikuja kutoka Magomeni, nimeitwa na ofisi ya mizigo, nimevaa koti la kuazima lililonibana makwapani. Aliyenipokea uwanjani ni Kaka Swedi, Mzanzibari mwembamba asiyepandisha sauti, ambaye miaka hiyo ndiye aliyekuwa akiwazungusha wageni sokoni na kuwatafsiria. Nilidhani atanipeleka nikalale. Akanipeleka moja kwa moja kwenye hoteli moja ya bei rahisi, ghorofani, ambako mfanyabiashara wa Kariakoo, mama mtu mzima, alikuwa ameketi sakafuni katikati ya viatu. Viatu mpaka bafuni. Hana pesa ya kuvisafirisha, hana ya kula, na hoteli wanataka chumba chao.

"Kaibiwa?" nikamnong'oneza Kaka Swedi.

"Hajaibiwa. Kanunua tu. Hapa wezi si wengi, dada. Walio wengi ni wanaonunua mpaka wakasahau kwao. Kazi yako ni hao."

Yule mama tulimsaidia, ingawa hakuondoka na furaha. Viatu vingine viliuzwa soko la Liuhua kwa bei ya kutupa, na alilia kwenye teksi. Mimi nililala siku hiyo nikijiambia kwamba kazi hii siiwezi.

Kesho yake Kaka Swedi akanifundisha mafungu. Mgeni akifika, kabla hajaona duka hata moja, mkalishe kitandani atoe pesa zake zote na azigawe kwa mkono wake mwenyewe. Fungu la mzigo, hilo la kununulia. Fungu la njia, hilo la chumba, chakula, metro, kilo zitakazozidi uwanjani na faini ambayo hakuitegemea. La mwisho ni fungu la nia. Wageni wote waliuliza, nia gani? Unawajibu: kile kilichokutoa nyumbani. Hakuna aliyepanda ndege kuja kupenda viatu. Mtu anataka ada ya mtoto, anataka mashine ya kusaga, anataka kumaliza kesi ya kiwanja. Hilo fungu linafungwa kwa pini ndani ya nguo, na mwenyewe analitaja kwa jina: hii ni ada, hii ni mashine. Pesa ambayo haina jina, alisema Kaka Swedi, utaitoa tu muuzaji akitabasamu.

Langu mimi lilikuwa paa. Kiwanja nilikuwa nacho Mbagala, kuta zimesimama, juu mbingu tupu.

Wapo wageni waliokasirika. Mzee mmoja wa Lubumbashi, papa kama wanavyosema kwao, amevaa suti kwenye joto lile, aliniambia, "Mama, mimi niko na diplôme ya comptabilité, ya uhasibu, na wewe unanifundisha kugawa pesa?" Akagawa hata hivyo, tena vizuri kuliko ambavyo ningemgawia mimi. Naliandika hili kwa sababu sisi tunapenda kuwacheka Wakongo kwa suti zao, na kwa mafungu walitushinda wengi wetu.

Vifaa vyangu mnavijua. Kikokotoo chenye vitufe vikubwa, maana muuzaji naye ana macho yake. Futi ya kamba. Kalamu ya wino mzito. Kadi za hoteli zenye anwani ya Kichina, kila mgeni moja mfukoni, ili dereva wa teksi asimpeleke mtu mji mwingine. Maneno niliyaanza kwa machache: laoban, yaani bosi, duoshao, bei gani, na meiyou, hakuna, ambalo muuzaji atakwambia hata kama kitu umekishika mkononi. Nilipohamia chumba cha kupanga Sanyuanli, Kaka Swedi alinikokota mwenyewe mpaka polisi kujiandikisha, akaningoja nje. Nilimwona ana kiherehere. Nimeona watu waliochelewa kufanya hivyo wakitozwa faini, na sasa simwoni hivyo tena.

Miaka ikaenda. Kaka Swedi akawa mtu wa mezani ofisini, mimi nikashika soko. Nikawa nimezoea kiasi cha kudhani naweza kuona matatizo yanapokuja. Ndipo alipokuja Bwana Makame.

Alitoka Unguja, fundi cherehani wa makamo, mpole, mwenye utani. Alikuja msimu ule ambao nguo zinanata mgongoni tangu asubuhi. Fungu lake la mzigo lilikuwa dogo: alitaka kanga za kuuza msimu wa harusi, marobota mawili, akizidi sana matatu. Fungu lake la nia lilikuwa kubwa kuliko la mzigo. "Hii ni mama," alisema akilifunga pini. Ilikuwa hija ya mama yake. Wakala wa hija kwao alikuwa anangoja kilichobaki, na mwisho wa kupokea ulikuwa wiki ileile atakayorudi.

"Kwa nini hukuiacha nyumbani?" nikamuuliza.

"Dada Zuhura, mie n'na ndugu," akasema, akaona amejibu.

Tulivuka mto mpaka soko la vitambaa, dukani kwa Bi Lin. Huyu alikuwa mama wa umri wangu, msema kweli, mkali kidogo, ambaye mumewe na kaka yake walikuwa na kiwanda kidogo cha kuchapa nje ya mji. Tulichagua mji na pindo, nikamwandikia jina la kanga herufi mojamoja, Karibu Bi Harusi, wasije wakaliandika kichwa chini. Bei ya robota tukakubaliana, na arubuni pia. Ilibaki idadi tu, kwa kuwa Bwana Makame alikuwa bado anajishauri.

Hapo simu ya ofisi ikaita. Kuna mgeni mzee uwanjani, amesimama peke yake, aliyetakiwa kumpokea anaumwa. Nikasita. Bwana Makame akanihimiza.

"Nenda, dada. Kuhesabu tu kutanishinda?"

Nikaenda. Sijui kama nilipaswa kwenda. Ofisi iliniita, mzee yule kweli nilimkuta peke yake na mabegi yake, na mgeni wangu aliniruhusu. Pimeni wenyewe.

Kilichotokea nyuma yangu nilikijua baadaye, kwa kuwauliza kila mmoja peke yake. Bwana Makame aliinua mkono, kidole gumba na cha shahada vimesimama, vingine amevikunja. Kwake yeye hiyo ni mbili. Kwa Wachina mkono uleule ni nane. Bi Lin alistaajabu kidogo, maana mtu hakuonekana mwenye uwezo huo, akauliza, "Ba?" Yaani, nane? Bwana Makame akasikia anaitwa baba. Akapendezwa. Akajibu, "Naam, mama," akaitikia kwa kichwa. Bi Lin akaandika idadi kwa herufi za kwao, akagonga muhuri, wakaagana kwa heshima zote.

Tuliporudi kuchukua mzigo zilikuwa zimebaki siku chache ndege iondoke, na viza ilikuwa inaisha siku ileile ya ndege. Marobota yalipangwa mpaka yakaziba kioo cha duka. Bwana Makame akacheka.

"Mashaallah, biashara ya mama huyu inamwendea. Yetu yepi?"

Nikamuuliza Bi Lin. Alinitazama kama ninamchezea.

"Yote."

"Yote ya nani, laoban?"

"Yake. Alisema ba. Nikamuuliza tena, akasema ndiyo, akacheka."

Nilipomtafsiria Bwana Makame, kicheko kilimtoka usoni taratibu. "Mwambie mie n'lisema mbili."

"Hebu onyesha ulivyosema."

Akainua mkono.  Bi Lin aliwageukia wenye maduka jirani, akawaonyesha mkono wa Bwana Makame ulivyo hewani, nao wakasema kwa pamoja, "Ba."  Nimeishi katika mji huu miaka yote ile, mkono ule nimeuona kila siku, na sikuwahi kufikiri kumwambia mgeni.

Kila mmoja alikuwa na lake la kweli. Bi Lin alisema kitambaa amekichukua kwa mkopo, wino umekwisha kuingia, na arubuni haifiki hata nusu ya robota moja. "Nimuuzie nani hapa nguo yenye maandishi yenu?" aliniuliza. Bwana Makame alisema arubuni ndiyo maana ya arubuni, abaki nayo, na yeye aende zake. Akaahidi kutuma zilizobaki akishauza kwao. Bi Lin akanijibu mimi, si yeye: "Waliosema hivyo kabla yake, una namba zao?" Nilikuwa nazo. Zilikuwa hazipatikani.

Ofisini, Kaka Swedi alisikiliza mpaka mwisho, akasema ofisi haitalipa, na ofisi haitamtorosha mtu. Nilimkasirikia sana. Sasa naona hakuwa na jibu la tatu. Kwenda polisi tungeweza, na nadhani wangetusikiliza wote wawili, lakini kusikilizwa kunachukua siku, na Bwana Makame hakuwa nazo.

Kesho yake, kaka yake Bi Lin alikuja kukaa kwenye ukumbi wa chini wa hoteli. Hakutukana mtu. Alikuja na chupa yake ya maji ya moto, akakaa kwenye kiti kinachotazama lifti, akawa anakunywa kidogokidogo. Tukishuka anatuinamishia kichwa. Tukipanda anatuinamishia kichwa. Ningependa angetukana.

Tuko chumbani, Bwana Makame akaniuliza bila kunitazama, "Dada, jikoni kwa hawa wa hoteli pana mlango?"

"Upo."

"Unatokea wapi?"

"Uchochoroni, nyuma ya mgahawa wa tambi."

Sikumwambia apite wala asipite. Akipita, mama yake anakwenda Makka, na mimi nabaki kwenye mji ambao kila mwenye duka la kitambaa anaijua sura yangu. Asipopita, sijui nini kinabaki. Nilikuwa nashika mkoba wangu kama vile ni mimi ninayesafiri.

Akampigia mama yake, nadhani ili ajipe moyo. Akaiweka simu kitandani, sauti ikawa inasikika chumba kizima.

"Mama, pesa yako n'nayo. Jiandae tu."

"Mbona sauti yako iko mbio?"

"Sina kitu, mama."

"Makame. Wadaiwa?"

 Nje lifti ikafunguka, ikajifunga.

"Si kudaiwa, mama. Ni kutofahamiana. Mie n'lisema mbili, wao wakasikia nane."

"Na huyo aliyesikia nane, keshafanya kazi?"

"Keshafanya."

"Sasa wataka niende Makka kwa pesa iliyopitia mlango gani?"

Bwana Makame alinikodolea macho, kana kwamba mimi ndiye niliyemwambia habari ya jikoni. Nikatikisa kichwa kukana.

"Mama, ukikosa mwaka huu, umri wako..."

"Umri wangu nnaujua mie, n'lizaliwa nao. Kaa na huyo mtu mumalize. Na ule. Sauti yako ina njaa."

Mama akakata. Bwana Makame alivua fulana, akafungua pini, akaliweka fungu la mama juu ya kitanda. Hakulihesabu. Alilitazama tu, kisha akasema, "Haya, dada. Twende chini tumwambie yule jamaa akapumzike."

Kikao dukani kwa Bi Lin kilikuwa kirefu na kibaya. Walipandishiana sauti, nami niliyatafsiri matusi ya pande zote mbili kwa kuyapunguza makali kiasi kilekile. Mwisho ikawa hivi: Bwana Makame anachukua manne, mawili kwa fungu la mzigo na mawili kwa fungu la mama. Bi Lin anameza mawili, kwa kuwa angeweza kuandika namba ya kawaida ambayo hata mgeni anaisoma, na hakuandika. Yakabaki mawili yasiyo na mwenyewe. Bi Lin akanitazama. Hakunilazimisha, nasema kweli. Nikasikia mdomo wangu unasema nitayachukua kwa jina langu, nitalipa nikiuza. Kila mmoja wetu aliondoka amenuna. Bwana Makame alipanda ndege siku ambayo viza inakufa, na mama yake mwaka ule hakwenda.

Fikirini kazi niliyojipa: kumuuzia kanga mtu aliyekuja Guangzhou kununua kanga. Nilizunguka nazo begani, Xiaobei, Sanyuanli, hotelini, hadi kwenye foleni ya kupima mizigo.

"Zuhura, mimi nimekuja na jina langu mwenyewe la kanga, la kwako nilipeleke wapi?" wa Dar waliniambia. Mama mmoja wa Bukavu aliisoma, akauliza, "Huyu Bi Harusi ni nani?" Nikamwambia, "Ni wewe ukitaka." Akacheka mpaka akaegemea ukuta, akachukua doti nyingi kuliko nilivyotarajia. Robota la kwanza lilikwenda hivyo, kwa kusukuma. La pili lilikaa tu chumbani kwangu.

Mwaka uliofuata Bwana Makame akanipigia. Kanga zake ziliuzika, harusi zilikuwa nyingi. Fungu la mama lilikuwa limejaa tena na wakala alikuwa anakaribia kufunga.

"Sasa shida ni mama mwenyewe," akasema. "Kagoma."

"Kagoma nini tena?"

"Asema haendi. Asema, yule dada kabeba mzigo uliotoka kwenye mkono wa mwanangu, na mpaka leo adaiwa. Akimaliza yeye, ndipo n'takwenda mie."

"Mwambie deni ni langu, nililichukua mwenyewe."

"Nshamwambia. Asema, na mkono ulikuwa wa nani?" Akashusha pumzi. "N'kikutumia ya robota, ya mama inapungua, wakala anafunga. Dada, deni limebaki kiasi gani?"

Robota lilikuwa mbele yangu halijafunguliwa hata kamba. Nikamwambia nitampigia.

Sikulala vizuri siku zile. Nilijiambia kwamba mama yule simjui, kwamba sheria ya dini haimzuii kwenda kwa deni langu mimi, kwamba aliyegoma kagoma mwenyewe. Yote hayo ni kweli, na bado kila asubuhi nilikuwa naangalia tarehe kwenye simu. Bi Lin hakunisumbua hata mara moja. Hilo nalo lilinikera, maana angenisumbua ningepata wa kumlaumu.

Basi nikafungua pini yangu. Fungu la paa. Nikavuka mto, nikamlipa Bi Lin lililobaki. Alihesabu, akanipa kiti, akanipa maji ya moto, akaniuliza nimemuuzia nani. Nikajifanya sijaelewa Kichina.

Nikampigia Bwana Makame. "Mwambie mama, Bi Lin hanidai kitu."

"Zimeuzika?"

"Zimenunuliwa."

"Alhamdulillahi. Na nani?"

"Na mtu wa Magomeni."

Hakuuliza zaidi. Uongo sikusema. Kama nilisema kweli, hilo sina hakika nalo, na mkilijadili mkanikuta na kosa sitabisha.

Mama alikwenda. Paa likangoja, na mimi nikangoja nalo kazini, miaka zaidi ya niliyokuwa nimepanga. Simlaumu mtu kwa hilo, na wala sisemi kwamba halikuniuma. Mvua za kwetu zilipokuwa zikiripotiwa nilikuwa nazima redio.

Akiwa kulekule Makka, mama yule alinitumia ujumbe wa sauti kwa simu ya mtu. Kelele za watu nyuma yake, yeye anapaza sauti kama anayeita ng'ambo ya barabara: "Zuhura, mwanangu, sura yako sijaiona, lakini jina lako nimelitaja hapa. Nimekuombea upate wateja wa kanga. Wengi. Wasikwishe."

Niliusikiliza nikiwa nimelikalia robota, maana chumba kile kiti kilikuwa kimoja na kilikuwa na nguo. Nilicheka, kisha nikausikiliza tena.

Wateja hao bado hawajanifikia. Bati nimeezeka mwaka jana. Robota liko hapa, na mtakapokuja kupima mizigo yangu ya kurudi nyumbani mtalikuta limefungwa kama lilivyotoka kiwandani. Liwekeni kwenye mizani na vitu vyangu vingine. Msinipunguzie kilo.